Mizimu ya Newala Haina Haja ya Mchawi

Mwaka 1984 wezi waliingia Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam wakaondoka na kinyago cha Kimakonde, kile cha kuvaliwa kichwani, pamoja na vitu vingine. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa na makumbusho binafsi ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 mtafiti wa Kiitaliano, Enrico Castelli, alikitambua. Zikafuata barua, majibu, kimya, kisha barua tena. Pande mbili zilivutana kwa adabu kwa miaka ishirini, mpaka Mei 2010 mjini Paris, Baraza la Kimataifa la Makumbusho likiwa msuluhishi, hati ikatiwa saini na kinyago kikapata njia ya kurudi nyumbani.

Mpenzi yeyote wa filamu za kusaka hazina ataitambua hadithi hii. Filamu ya kwanza ya Indiana Jones, ya mwaka 1981, inaanza na mwalimu wa chuo kikuu cha Marekani akiiba sanamu ya dhahabu kwenye hekalu la Peru, na sisi tuliobanana kwenye mabenchi tunamhimiza akimbie zaidi. Ya kwetu ina kila kiungo cha aina hiyo: mali ya kale, wezi, mnunuzi wa mbali, msomi mwenye jicho kali, na kitu chenyewe ambacho kwa Wamakonde hakihesabiwi kuwa pambo, kwa kuwa anayekivaa huambiwa si mtu tena bali mfu aliyerudi. Tofauti ni kwamba safari hii shujaa ni yule anayekirudisha. Bango la filamu hiyo bado sijaliona popote, si Kariakoo wala Masasi.

Mabango ninayoyaona ni mengine, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Filamu za mizimu, majini na nguvu za giza hazijawahi kukosa wateja katika nchi hii. Ninalolalamikia ni kwamba tumezifungia sebuleni, tukazipa kazi moja tu ya kumtafuta mchawi, huku kona ile ya kusini, kutoka vilima vya Masasi hadi ukingo wa Newala, ikiwa na desturi ya zamani zaidi na yenye akili zaidi ya kuishi na viumbe hao.

Tuanze na watazamaji, maana wao ndio wanaodharauliwa sana. Kibanda umiza cha Masasi hakina tofauti kubwa na cha Mbagala: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, joto, televisheni iliyowekwa juu ili hata wa nyuma aone. Filamu nyingi za kigeni zimefika pale zikiwa zimepitia mdomo wa mtu kama Derek Mukandala, ambaye nchi inamjua kwa jina la Lufufu. Mafundi wa aina yake hawatafsiri tu. Wanaongeza chumvi, wanamkanya mhusika, wanamwonya mtazamaji, wanampa adui jina la utani. Kuhani wa Misri aliyefufuka katika The Mummy ya mwaka 1999 akishapita kwao, anazungumza Kiswahili cha Manzese na matusi yake ni ya stendi ya daladala. Na ukikaa humo ndani utagundua jambo: watu hawabishani kama mzimu upo au haupo. Wanabishana huu mzimu unataka nini, nani kauudhi, na kwa nini yule mzungu hakuuliza kwanza kabla ya kufungua jeneza. Huo ni ukosoaji wa filamu wa hali ya juu. Mzimu usio na masharti hauogopeshi, kwa sababu mhusika hana kosa la kufanya wala la kuepuka.

Filamu zetu za video zilipoanza kushika kasi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mizimu ilikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata ajira. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, jini wa kike anayempenda binadamu. Marehemu Steven Kanumba naye alicheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah wa Nigeria, nchi ambayo filamu zake za kishirikina zilikuwa zimeshatufundisha kupiga mayowe miaka kadhaa kabla. Sizibezi kazi hizo. Zilitengenezwa kwa fedha kidogo na ujasiri mwingi, na usiku wa kwanza wa kutazama Shumileta kuna waliolala na taa inawaka.

Lakini tazama zilizofuata, mamia kwa mamia. Msitu umepotea. Safari imepotea. Mzimu umehamishiwa kwenye nyumba ya kupanga yenye seti ya makochi na kabati la vyombo, na ugomvi wake ni wa mke mkubwa na mke mdogo, au wa mama mkwe na mkwewe. Dakika kumi za mwisho anaingia mchungaji au mganga, moshi unafuka, na aliyesababisha yote anatajwa. Mara nyingi ni bibi. Mzee, peke yake, macho mekundu. Akishaanguka chini na kutapika damu ya rangi ya soda, majina yanapanda.

Ipo filamu iliyokataa njia hiyo. Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyowakilisha Tanzania mwaka 2001 katika kuwania tuzo ya Oscar, ina mgonjwa asiyesema katika hospitali ya magonjwa ya akili, daktari mwanamke aliyetoka Marekani, na mzimu wa kale unaowafuata wote wawili. Mzimu ule unakuja kufukua jeraha. Haunyooshei kidole jirani. Na wahusika wanasafiri, wanapanda, wanatafuta. Nashangaa kwamba imebaki kuwa filamu ya matamasha na wasomi, wakati ilitakiwa kuwa darasa la kila mtu mwenye kamera.

Sasa twende kusini. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe vilivyochomoza ardhini kama migongo ya viboko. Newala iko juu, kwenye Uwanda wa Makonde, na mwisho wa mji ardhi inakatika ghafla mahali panapoitwa Shimo la Mungu. Ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma lote, na ng'ambo yake Msumbiji. Mtafuta mandhari wa filamu akifikishwa hapo hana haja ya kuongozwa tena. Kabla ya mradi wa maji wa miaka ya 1950, wanawake wa uwandani walishuka miteremko ile kufuata maji mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, umbali wa kumaliza nusu ya siku, katika nchi yenye chui na simba. Kwa nini watu wajenge mahali pasipo na maji? Wamakonde wana jibu, nalo ni hadithi ya mizimu.

Inasimuliwa kwamba hapo mwanzo palikuwa na kiumbe mmoja, bado hajawa mtu kamili, aishiye porini peke yake, hajaoga wala kunyoa. Siku moja akachonga umbo la mwanamke kwa mti, akalisimamisha nje ya makao yake. Usiku likapata uhai. Wakaoga mtoni, wakawa mume na mke. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na maji, akafa. Wakahamia juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hadi uwandani kabisa, na wa tatu akaishi. Toka hapo wakaonywa wasikae mabondeni kwenye unyevu, maana huko kuna maradhi na kifo. Isome tena kama mwandishi wa mswada wa filamu: kuna uchawi wa uumbaji, kuna sharti, kuna adhabu ya kuvunja sharti, kuna safari ya kupanda hatua tatu, na kuna gharama itakayolipwa milele, yaani kiu. Hakuna mchawi humo. Hakuna hata adui. Na bado roho inakudunda.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alitoka Lindi akaja Masasi, kisha akapanda Newala na Mahuta. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Misheni ya Waanglikana ya Masasi ilikuwa imechomwa mwaka mmoja kabla. Kwenye mizigo ya wapagazi wake kulikuwa na chombo cha kunasa sauti kwa nta, na kamera ya sinema. Alipiga filamu za ngoma. Kwa hiyo watu wa kona hii walisimama mbele ya kamera ya sinema miaka kumi na minne kabla nchi haijaitwa Tanganyika, na wengi wanaosoma ukurasa huu watakuwa wamefundishwa kwamba sinema ilitufikia kwa lori la maonyesho ya serikali.

Kamera ya Weule ilikuwa na kasoro moja ambayo hakuna fundi wa kuiondoa. Inaona mtu aliyejifunika nguo. Waliokuwepo uwanjani wanaona kitu kingine. Ngoma za vinyago, ambazo upande wa Msumbiji huitwa mapiko na upande huu midimu, zinaendeshwa kwa mapatano. Mchezaji amefunikwa mwili mzima asionekane hata ngozi. Kichwani ana uso wa mti, mara nyingine umebandikwa nywele za mtu kweli. Mwingine amevaa kifua na tumbo la mjamzito vilivyochongwa kwa mti. Wanawake na watoto huambiwa kwamba huyo si mtu, ni mfu. Wavulana wanaotoka jando ndio huoneshwa aliyemo ndani, na kuapishwa kunyamaza. Wanawake hukimbia wakipiga kelele. Lakini mwambie mama wa miaka arobaini wa Newala kwamba hautambui mguu wa mumewe chini ya tambara, uone atakavyokucheka, tena pembeni, siyo hadharani. Anajua. Anajua kwamba nawe unajua. Na bado atakimbia, maana mbio zake ni sehemu ya ngoma, na hofu anayoipata katikati ya mbio hizo ni ya kweli.

Hiyo ndiyo sinema. Kila anayelipa kiingilio anafanya vivyo hivyo. Wamakonde walikuwa na ukumbi, waigizaji, maleba na watazamaji waliokubali kuogopa kwa hiari, karne nyingi au chache kabla ya Weule, sitabishana na wanahistoria. Ninachoona ni kwamba mfu wa midimu haji kumtaja mtu. Anakuja kucheza, kutisha, kukejeli, kusindikiza vijana waliovuka utoto, kisha anaondoka.

Wachongaji wameendeleza moyo uleule. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji, alianza kutoa maumbo ya mashetani yaliyopinda na kutoboka, na mtindo huo ukaenea Dar es Salaam hadi kuwa jina la Tanzania ughaibuni. Kisha akaja George Lilanga, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, aliyeingia Nyumba ya Sanaa kama mlinzi na kuishia kuwa msanii wa kimataifa kabla ya kufariki mwaka 2005. Mashetani wa Lilanga wana masikio makubwa, midomo mipana, vidole vichache na shughuli nyingi: wanapika, wanasengenyana, wanabebana, wanacheza muziki. Ni jamii nzima yenye dhiki na vichekesho vyake. Watu wa katuni wa Japani wamejipatia utajiri kwa viumbe wa namna hiyo. Sisi tumewaacha kwenye turubai za watalii.

Nimefika kwenye jambo zito, na hapa utani unapungua. Kusini viumbe vya usiku si hadithi tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba Tanzania toka mwaka 1990, wengi wao katika mikoa ya kusini-mashariki, Lindi na Mtwara ikiwemo. Sababu yake ukiisikia utaona ni ya kawaida mno: nguruwe pori wanaingia mashambani, mkulima analala kwenye dungu kulinda mazao, simba anamfuata nguruwe na kumkuta mkulima. Miezi ya mavuno ndiyo mibaya. Utafiti mwingine wa mwaka 2011 ulionesha kwamba mashambulizi huzidi siku zinazofuata mwezi mpevu, pale giza linapoingia mapema na mwezi haujachomoza. Hollywood imetufundisha kuogopa mwezi mpevu wenyewe. Mkulima wa kusini ana sababu ya kuogopa kesho yake.

Lakini simba akiua, pande zote mbili za Ruvuma huulizwa swali la pili: ametumwa na nani? Inaaminika wapo simba wa porini, wapo wa kutengenezwa, na wapo watu wanaogeuka simba. Mwanaanthropolojia Harry West, aliyeandika kitabu Kupilikula mwaka 2005 kuhusu Wamakonde wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya mto, amesimulia jinsi alivyowaeleza wenyeji nadharia yake kwamba simba hao ni mfano tu wa mambo ya madaraka, nao wakamsahihisha: simba hao ni wa kweli. Miaka ya 2002 na 2003 katika wilaya ya Muidumbe, hukohuko kwenye uwanda wa Mueda, simba waliua watu, na watu nao wakawaua wenzao waliotuhumiwa kuwatengeneza.

Ndiyo maana siwezi kumchukulia yule bibi wa macho mekundu kuwa burudani isiyo na madhara. Nchi hii ina Sheria ya Uchawi toka mwaka 1928, na mauaji ya vikongwe hayajatoka kwenye taarifa za polisi. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, aliyetangaza marufuku ya wapiga ramli chonganishi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, mbunge wa Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Filamu inayomalizia kwa kutaja mchawi inafanya kazi ileile ya mpiga ramli. Tofauti ni kwamba yeye anatoza kuku, na filamu inatoza kiingilio.

Wapo watakaosema: basi piga marufuku. Hapana. Bodi ya Filamu ina mkasi wa kutosha, na filamu iliyokatwa kwa hofu hubaki na mchawi huyohuyo, ila amepunguziwa damu. Wengine watasema tuoneshe sayansi, simba awe simba, nguruwe awe nguruwe, na mzee wa kijiji aaibishwe kwa ujinga wake. Hiyo nayo siipendi. Imeshafanywa na inachosha; Waingereza walizunguka nchi hii miaka ya 1930 na filamu za kutuelimisha, na hakuna mtu anayekumbuka hata sura moja.

Mfano bora, pamoja na makosa yake, uko jirani. The Ghost and the Darkness, filamu ya mwaka 1996, inahusu simba wawili wa Tsavo waliosimamisha ujenzi wa daraja la reli mwaka 1898. Vibarua waliamini ni roho za watemi wa kale waliokasirishwa na reli, na filamu inaiacha imani hiyo ikae hewani. Haithibitishi, haikanushi, na haimkamati mtu. Unaogopa kila jani linapotikisika. Makosa? Ni mengi. Ilipigwa Afrika Kusini. Mwindaji wa Kimarekani anayechezwa na Michael Douglas hakuwahi kuwepo. J. H. Patterson, mhandisi aliyewaua simba hao, alidai walikula watu 135. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulikadiria kama 35. Na vibarua, wa Kihindi na wa Kiafrika, walioliwa wao, wamefanywa mapambo ya nyuma wanaopiga mayowe na kukimbia huku wazungu wawili wakizungumzia woga wao kwenye moto wa kambi.

Ibebe filamu hiyo uilete Newala, uigeuze ndani nje. Mkulima ndiye mhusika mkuu. Yuko kwenye dungu, mavuno yamekaribia, juzi mwezi ulikuwa mpevu. Chini ya miteremko kuna kitu kinachotembea, na kijijini tayari kuna minong'ono juu ya mjane fulani. Anatakiwa ashuke bondeni, avuke mto kwa mtumbwi (au kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa Mei 2010, mwezi uleule hati ya kinyago iliposainiwa Paris, historia nayo huandika miswada), amtafute mtu anayejua masharti ya kiumbe huyo, arudi kabla minong'ono haijawa mapanga. Mzimu uwepo. Uwe wa kutisha kweli, wenye sura ya mti na nywele za binadamu. Uwe na unachodai, na kinachodaiwa kiwe kigumu kulipa. Na yule mjane asiwe mchawi, wala asiwe mtakatifu. Awe mtu anayejua njia ya bondeni kuliko wote kwa sababu alibeba maji huko utoto wake wote.

Fedha? Kijana mwenye kamera nzuri ya mkononi, taa mbili, na ruhusa ya wazee wa ngoma anaweza kuanza. Hiyo ruhusa ya wazee naisisitiza kuliko taa. Yapo ya midimu yasiyopaswa kuonekana, na mwongozaji atakayeyavizia na kuyapiga atakuwa amewazidi kidogo tu wale wezi wa mwaka 1984. Akiomba, ataambiwa kipi kipigwe na kipi kifichwe, na kinachofichwa ndicho kitakachoibeba filamu.

Aitoe mwezi wa Novemba, malipo ya korosho yakishaingia, aanzie Newala na Tandahimba kabla ya kuifikiria Mlimani City. Ajiandae tu kukutana na mwenye kibanda, ambaye hatamuuliza habari za masharti, mapatano wala historia. Atachukua flashi, atatazama nyuma ya kasha kama lipo, kisha atauliza simba anatokea dakika ya ngapi.